Amri ya Kukalia Mikono

Pacha, nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi!

Unamjua Kasuku, jirani yangu wa kitanda bwenini, yule kiziwi anayepiga soga kwa mikono kutushinda sisi wenye ndimi. Leo neno moja la Kiingereza ubaoni lilimtatiza, nikamweleza kwa ishara. Mwalimu mpya akamjia juu Kasuku, akimwonyesha kiti: "Hapa ni Kiingereza tu! Kalia mikono!"

KALIA MIKONO. Akaikalia.

Halafu mwalimu akamuuliza swali! Ni kama kuniziba mimi mdomo kisha kunidai jibu. Kasuku machozi yakamlenga. Mwalimu akatutangazia: "Mnaona? Hajui kitu."

Hajui?! Insha yake ya Kiingereza ilinigaragaza muhula uliopita, na mimi nina masikio mawili mazima!

Basi, kwa heshima na taadhima, nikakalia yangu. Darasa zima likafuata. "Andikeni!" Wapi!

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. "Mbona hamwandiki?"

Nikamjibu: "Tunatii amri, Mwalimu. Kasuku kaambiwa akalie mikono ili ajue Kiingereza. Nasi tunataka kukijua."

Mkuu akamgeukia mwenzake. Pacha, yule mtu maneno yalimkauka, akabaki kujieleza kwa mikono.

Kasuku akachomoa yake, akaniashiria: "Mwambie aikalie."