Ncha ya Jino la Papa

Mama, shikamoo. Natumaini goti limetulia na mvua haijakuzuia kwenda kanisani.

Jana niliokota jino la papa wa kale, lililokwisha kugeuka jiwe jeusi. Nililiona kwenye changarawe za korongo, njia ya Makurunge, baada ya asubuhi nzima ya kuokota vigae nikidhani ni meno. Nusu yake ilifunikwa na udongo mgumu kama saruji, na ncha haikuonekana. Nilitaka mno kujua kama ni nzima. Nilikuwa nimeshashika sindano nilipokumbuka ulivyokuwa ukisema ukinitoa mwiba mguuni: “Usichokonoe. Loweka kwanza.” Nikaliacha kwenye bakuli la maji usiku kucha.

Leo nimekaa uani nikilisugua kwa mswaki laini. Bi Salma, mwenye nyumba niliyofikia, akasimama na sahani ya vitumbua aliyoniletea.

“Mwanangu, unampigisha papa mswaki? Kwani anaoa?”

“Anaoa, Bi Salma.”

“Basi msugue vizuri, asitutie aibu kwa wakwe.”

Nikasugua polepole, nikaloweka tena, nikasugua. Udongo ukaachia wenyewe. Ncha ni nzima, Mama, na bado kali, imenichoma kidole. Nimekaa nalo kiganjani muda mrefu, vitumbua vikapoa.

Nitakuletea ulishike. Mungu akutunze, na asante kwa miiba yote uliyonitoa bila kuivunja.

Mwanao,
Neema