Wakili wa Marahaba

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Nimemfunga mjukuu wangu Nuru nywele, nimemnywesha chai, katoka na mama yake. Nimefagia. Chini ya meza nimeikuta karatasi ya njano ya skuli, ya Ijumaa. Skuli hii inaandika kuliko inavyofundisha.

Raya, mke wa mwanangu, amenisomea aliporudi kazini. Imeandikwa Kiingereza. Habari na vikumbusho vya vuli kwa familia. Wamechora majani mekundu yanaanguka. Nimechungulia dirishani. Miti ya Sanyuanli, mtaa wetu huku ugenini, yote kijani. Jasho linanitoka kama niko Unguja wakati wa kaskazi. Vuli kwetu ni mvua, na ikija unaiona. Hii yao imo kwenye karatasi tu.

Vikumbusho. Andika jina la mtoto kwenye kila nguo. Lete sweta. Lete mto, watoto watalala mchana. Usilete chakula chenye harufu. Chakula kisicho na harufu ni maji.

Jumatano, 16 Septemba

Raya kaniuliza naandika nini kila siku. Nimemwambia mapishi. Naandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Skuli mimi sikuuona mlango wake. Raya hazisomi herufi hizi. Afadhali.

Karatasi nyingine leo. Anayekuja kumchukua mtoto avae kadi shingoni. Nimeivaa. Mlinzi wa mlangoni ananijua tangu siku ya kwanza, bibi mweusi mwenye mtandio kwenye mtaa mzima ni mimi peke yangu, lakini leo kaisoma kadi juu chini. Anatazama picha, ananitazama mimi. Bwege.

Nuru njia nzima anasema. Paka kaona, baiskeli kaona, mtu anakojoa ukutani kaona. Huyu ana miaka sita na mdomo wa mnadani. Namwita mke mwenzangu. Ananijibu, "Babu alinipenda mimi zaidi, wewe ulikuwa unampigia kelele." Babu yake kafa yeye hajazaliwa. Nimecheka mpaka mlangoni.

Ijumaa, 25 Septemba

Leo si karatasi ya njano. Barua, nyeupe, ndani ya bahasha. Raya kaisoma kimya kwanza. Nimemwambia soma kwa sauti, si ya kwako peke yako.

Wanasema Nuru hasemi. Tangu afike skuli hajatamka neno na mwalimu wala mtoto mwenzake. Wanaomba apimwe masikio.

Nimedhani wamekosea mtoto. Nimemwita Nuru, yuko chooni anaimba.

Mwanangu Saidi karudi na mafurushi ya viatu kutoka soko la Liuhua, kasikia, kasema labda ni Kiingereza kinamtatiza. Kiingereza gani. Anakijua, anamtania nacho baba yake. Raya kamuuliza mtoto mbona husemi skuli. Kaangalia vidole vyake vya miguu. Raya kaendelea kuuliza. Mtoto ukimbana hivyo hutoi kitu, ila machozi.

Alhamisi, 1 Oktoba

Daktari kamulika masikio. Mazima. Nilijua. Nusu ya siku imepotea kwenye benchi ili mwanamume mwenye kijitochi aniambie ninachokijua.

Jumatatu, 5 Oktoba

Sikukuu yao ya mwezi. Kikumbusho kilisema familia zote zije, kila mtoto atapanda jukwaani na taa ya karatasi na kusema maneno mawili kuhusu vuli. Nimekwenda na Raya. Skuli ni ghorofa mbili juu ya duka la matairi. Ngazi zinanuka mpira. Na hao ndio wanaokataza harufu.

Mwenye skuli ni Madam Wong, kutoka Hong Kong. Mwembamba, miwani inaning'inia kwenye kamba, anatabasamu kwa zamu, mtu mmoja mmoja, kama anagawa peremende. Msaidizi wake Miss Pei, binti mdogo, anakimbia huku na huku na mkanda wa gundi.

Watoto wakapanda. Vuli ni nzuri. Majani yanaanguka. Wote majani, majani, kwenye mji usioangusha jani. Nuru akasimama na taa yake. Kimya. Madam Wong akainama, akamtia moyo kwa mikono. Kimya. Watu wakampigia makofi. Makofi yale yaliniuma kuliko wangemzomea. Huzomei usichokijali, unakipigia makofi.

Jioni nimemvua gauni, mfukoni nimekuta keki yao ya mwezi, imepondeka. Ina mafuta ya nguruwe, mama yake alimwambia asile. Hakuweza kusema sitaki. Kaipokea kwa mikono miwili, kaila kwa mfuko. Nimekaa na lile gauni mapajani muda mrefu.

Jumatatu, 12 Oktoba

Barua nyeupe tena. Mwisho wa mwezi huu, maonyesho makubwa ya biashara yakiisha, wataamua. Asiposema, nafasi yake apewe mtoto mwingine.

Saidi kasema, basi atarudi Unguja kwa mama yake Raya, asome huko. Skuli nyingine inayopokea mtoto wa kigeni hapa hakuna. Raya alikuwa anachagua mchele. Kaendelea kuchagua, machozi yanaingia kwenye ungo. Yeye hawezi kuondoka, kazi yake ya ofisi ya mizigo ndiyo imewashika mjini hapa.

Nimemwambia Saidi mtoto halelewi kwa simu. Kasema, "Mama, unadhani mimi napenda?" Najua hapendi. Ndiyo maana nimekasirika, sina wa kumlaumu ndani ya nyumba.

Karatasi ya njano nayo imekuja. Inakumbusha wazazi watoke mapema, barabara zitajaa kwa sababu ya maonyesho. Na kucha za watoto zikatwe. Mtoto wangu anataka kutupwa upande wa pili wa dunia, wao wanahesabu kucha.

Alhamisi, 15 Oktoba

Maonyesho yameanza. Saidi na Raya wametoka alfajiri kwenda Liuhua kusimama na wateja wao. Nimempeleka Nuru mwenyewe. Siku zote mimi namchukua mchana kwa mlinzi, chini. Asubuhi mama yake humwacha kwenye ngazi anakimbilia basi. Leo nimepanda mpaka juu.

Nimeona. Sijui niandikeje.

Madam Wong kasimama mlangoni, mkono juu, good morning, good morning. Watoto wanapita mbio. Nuru kafika. Kasimama sawasawa. Kainamisha kichwa, kasema, "Shikamoo." Kwa sauti, nimesikia nilipo. Kisha kangoja.

Yule mwanamke akampapasa kichwani, akamgeukia mtoto wa nyuma.

Nuru kasimama pale. Watoto wanampita. Mwisho kafunga mdomo wake na kuingia, kama mtu aliyefukuzwa akaambiwa ingia hivyo hivyo.

Mchana nimemchukua. Nyumbani nimemkalisha katikati ya miguu yangu, nikafumua nywele. Mtoto humwulizi usoni, unamwuliza kisogoni. Nikamwambia, mke mwenzangu, mbona mwalimu humsemeshi?

"Hajaniitikia, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kanikasirikia. Sijui nimemfanya nini."

Nimeendelea kusuka. Singesuka ningelia.

Ni mimi niliyemfundisha. Mkubwa ukimwamkia asipoitikia, amekasirika. Nyamaza mpaka akuridhie. Na mwenye nyumba akiwa hajakupokea, huendi kupiga soga na walio ndani ya nyumba yake. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyolea, na sijuti hata kidogo. Kila asubuhi mtoto huyu kamwamkia mtu, kila asubuhi kanyimwa marahaba, na kesho yake kaamkia tena. Hiyo ndiyo wanayoitafutia daktari.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimewaambia wazazi wake. Raya kashika mdomo. Saidi kasema basi tumwambie mtoto kwamba huku hawaitikii, yaishe. Nimemwambia mwambie wewe. Kamwambia. Nuru kamsikiliza baba yake mpaka mwisho, kisha kamwuliza, "Kwani Madam Wong si mkubwa?"

Saidi kaenda kuoga.

Jumamosi, 17 Oktoba

Siku ya wazazi kuonana na walimu. Kikumbusho kilisema familia ipewe dakika chache tu, wengine wanangoja. Nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni. Madam Wong kwenye kiti kikubwa. Sawa.

Raya akamweleza yote kwa Kiingereza. Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akasema ni mila nzuri sana. Nzuri sana, alivyosema kuhusu taa za karatasi. Lakini skuli ni ya Kiingereza tu, na ana watoto wa nchi nyingi, hawezi kujifunza salamu ya kila mmoja. Akaanza, mwingine atataka vile, mwingine hivi. Neno moja, anaona ni mzigo. Makoti ya watoto wote anayajua yana vifungo vingapi.

Nimekwenda na jibu langu. Nilijua neno lenyewe hatalitamka.

Nikamwambia Raya, mwambie anipe uwakili. Binti anaozeshwa kwa wakili, baba yake yuko safarini, na ndoa inaswihi. Itashindwa marahaba? Yeye anipe idhini, mimi nitaitikia kwa niaba yake.

Raya akanikanyaga mguu. "Mama, hawa mambo haya hawayaelewi."

"Hakuombwa aelewe. Kaombwa akubali."

Akatafsiri, uso umemwiva. Madam Wong akacheka, akasema okay. Nikamwambia Raya, mara tatu. Mwulize tena. Okay. Mwulize tena. Yule mwanamke akavaa miwani, akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Okay. Miss Pei alikuwa anabandika picha ukutani. Nikamnyooshea kidole, nawe umesikia. Hakufahamu neno, lakini aliitikia kwa kichwa, tena bila kucheka. Yule binti kalelewa na bibi.

Nyumbani nimemwambia Nuru. Kaniuliza kama hakimu. Kasema kwa kinywa chake? Kwa kinywa chake. Shahidi nani? Mama yako na Miss Pei. Kafikiri.

"Kwa hiyo hakukasirika?"

Nimemwambia hajapata kukasirika. Akatoa pumzi, kifua chote kikashuka. Nilitaka kumpiga mtu. Yeyote.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimevaa kanga mpya, jozi nzima. Kadi yao shingoni. Nimesimama nyuma ya bega la Madam Wong. Katoa tabasamu la wageni, kasogea kidogo kama vile nanuka.

Nuru kafika. Shikamoo. Kamwamkia yeye, si mimi. Nikasema marahaba, mwanangu, kwa sauti ya kuvuka barabara. Mzazi mmoja kashtuka kaangusha mwavuli.

Nuru kaingia. Mchana Miss Pei katikisa kichwa. Bado.

Jumanne, 20 Oktoba

Marahaba. Bado. Saidi kauliza bei ya tiketi. Sikumwekea chakula, kajipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 22 Oktoba

Raya leo kanisindikiza kumchukua mtoto. Miss Pei kashuka ngazi mbio mpaka kwa mlinzi, kamshika Raya mkono. Mtoto kasema. Wakati wa kulala mchana. Kakaa kitako kwenye godoro, kamnyooshea kidole mtoto wa pembeni yake, kasema kwa Kiingereza, "Huo mto ni wangu. Rudisha." Kisha kajilaza.

Neno lake la kwanza ni ugomvi. Damu yangu.

Nimepika pilau. Raya kala sahani mbili kasimama.

Ijumaa, 30 Oktoba

Karatasi ya njano. Nafasi ya Nuru inabaki. Wameandika kwamba juhudi za walimu zimezaa matunda. Nimemwomba Raya arudie hapo, nione kama nimesikia vizuri. Juhudi za walimu. Haya.

Chini yake kikumbusho: Nuru anaongea sana wakati wa kulala, familia imkanye. Sitamkanya. Ana deni la Septemba nzima.

Saidi kaniletea viatu, laini, vya kupandia ngazi. Vinabana. Nimevivaa.

Jumatatu, 9 Novemba

Mguu umevimba tangu jana. Sikuweza kushuka. Raya kampeleka.

Nimemwuliza Raya aliporudi ilikuwaje bila wakili. Kasema Nuru kafika mlangoni, kaamkia, kangoja kidogo. Kaangalia nyuma ya bega la Madam Wong, pale ninaposimama. Kisha kajiitikia mwenyewe, marahaba, polepole, kaingia.

Raya anacheka. Mtu hajiitikii mwenyewe, si adabu. Ningemwambia Nuru, nimemwacha.

Baridi kidogo leo. Nimefunga dirisha. Maji ya chumvi yamepoa na mguu bado umo ndani.