Wageni wanangojea inje

Kasongo, Jumapili. Mvua inanyesha toka asubuhi, nepi za mtoto hazikauki, na nina hasira mpaka mboga ya sombe nimeitia chumvi mara mbili.

Zawadi, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, amekuja na ndoo kichwani. Ni ile waliyompa kwenye kituo cha yatima mwezi uliopita, siku ya kumuaga. Sisi tuliolelewa pale tunaijua ndoo hiyo. Ukifikisha miaka kumi na nane unapewa ndoo, kitenge na sabuni, wadogo wanakuimbia, mnapigwa picha, halafu unapita mlangoni. Yangu ilishapasuka.

Tangu siku hiyo analala kwa watu, leo hapa, kesho pale. Asubuhi hii aliwakumbuka wadogo zake wa kituoni, akaenda kuwasalimia. Mlangoni akamkuta Papa Amisi, mlinzi yule yule aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Wakubwa wamekataza," akamwambia, bila kumtazama. "Wageni wanangojea inje."

Mgeni!

Mtoto aliingia pale akibebwa mgongoni, sura ya mama yake haijui, leo ni mgeni. Sasa kwao ni wapi? Wenye nyumba za kupanga nao wanamuuliza hivyo hivyo: kwenu wapi, nani atakusemea? Akitaja kituo, wanasema chumba kimeshachukuliwa.

Ndipo amepatikana bwana mmoja mwenye pikipiki. Ati ana mgahawa Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Kazi iko, chumba kiko. Atamfuata hapa kwangu kesho asubuhi, waondoke. Zawadi amekuja kuniaga na kuniachia ndoo.

"Unamujua huyo mutu?" nimemuuliza.

"Yaya, ni yeye tu hajaniuliza kwetu ni wapi."

Nimegeuza sombe ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Walitulisha, walitusomesha, asante yao. Lakini mzazi gani anamtoa mtoto nyumbani kwa kuangalia kalenda? Huyu wangu analia meno usiku kucha, sijalala wiki nzima. Akifika kumi na nane nimpe ndoo nimpigie makofi?

Nimemwambia Zawadi hasafiri. Nimesema kwa ukali, mtoto akashtuka.

"Utanichoka, Yaya."

"Nimeshachoka zamani. Weka ndoo chini ya bati, maji yanapotea."

Nyumba yangu ni chumba kimoja na kibaraza. Sijui tutalalaje. Sijui baba ya mtoto atasema nini akirudi. Ila mwenye nyumba yeyote akiuliza tena nani atamsemea, aje aniulize mimi. Na Jumapili ijayo tutakwenda wote kituoni, na Papa Amisi atanitazama machoni.

Zawadi hajaniambia ndiyo. Ameweka tu ndoo chini ya bati, ikajaa, na sasa anamwosha mtoto kwa maji yake, anamwimbia polepole ule wimbo wa kuagana. Ndio pekee tuliofundishwa wote wawili.

Kesho pikipiki ikipiga honi, nitatoka mimi.