Gari Limepita Ukaguzi, Baba

Gerezani, Jumapili mchana

Baba,

Gari limepita. Lile jekundu, ulilolizuia mwenyewe pale Msimbazi, Kariakoo. Jana Koplo Rehema alilizunguka mara mbili, akalala chini, akatoka, akajipangusa vumbi magotini, akasaini. Amenirudishia namba zangu. Nilizifunga palepale uwanjani, mbele na nyuma, halafu nikakaa kwenye usukani nikasubiri kufurahi. Sikufurahi. Sikuhuzunika pia. Nikawasha gari nikarudi gereji.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Mama anasema nimekuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi haijamwisha. Tumekuzika Machame, huu ni mwezi wa pili sasa tangu siku hiyo, na sijatoa chozi hata moja. Kanisani nilisoma wasifu wako mimi, mtoto wako wa pekee: alizaliwa, alisoma, aliingia polisi, alikuwa mkaguzi wa magari mpaka mwisho, ameacha mjane, mtoto mmoja na wajukuu wawili. Nilisoma kama ninavyomsomea mwenye duka orodha ya vipuri. Shangazi alinikumbatia akaniambia, "Jikaze hivyo hivyo, Manka." Hakujua kwamba sikuwa najikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Kuna mambo hukuyajua, ndiyo maana nakuandikia. Na mengine uliyajua, lakini hukuyasikia kutoka kwangu.

Siku ile zilikuwa zimebaki siku tatu tusafiri kwenda nyumbani kwa Krismasi. Mimi, Mama na watoto. Wewe ulikuwa zamu. Gari nilikuwa nimelimaliza wiki hiyohiyo: nimekata springi likashuka chini kabisa, nimeweka rimu pana, vioo vyeusi, ekzosi inayonguruma. Lilikuwa tangazo langu. Nikipita nalo Kariakoo watu wanauliza, nani kalitengeneza hili? Wakiambiwa ni mwanamke wa Gerezani, wanakuja kunitafuta. Ndani nilikuwa na wateja wawili wapya, nawaonyesha kazi.

Nikakuona umesimama na sare yako nyeupe, umenyoosha mkono. Nikacheka. Nilidhani unataka kuniaga kabla ya safari. Nikashusha kioo. "Shikamoo, Baba."

Hukuitika. Ulisema, "Dereva, zima gari. Leseni."

Tangu nizaliwe uliniita mama'ngu, kwa sababu nina jina la mama yako. Siku hiyo nikawa dereva.

Ulitoa boksi lako, ukalitandika barabarani, ukavua kofia ukaingia chini na tochi. Kariakoo unaijua, Baba. Watu walisimama. Wenye maduka, wauza matunda, wapita njia. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyo si binti yake?" Mwingine akajibu, "Ndiyo maana hakuogopa!" wakacheka. Wewe ulikaa chini muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama miguu yako tu, imetokeza. Ulipotoka uliandika karatasi. Mstari baada ya mstari. Kisha ukachukua bisibisi ukafungua namba zangu.

"Gari hii haitembei mpaka itengenezwe, irudi ikaguliwe. Itafutiwe ya kuivuta."

Nikakusogelea nikakunong'oneza, "Baba, wateja wangu wanaona."

Ukanijibu kwa sauti ileile ya kazi, "Na waone."

Hayo maneno mawili nimekaa nayo miezi saba. Nilikuwa nakula nayo.

Karatasi yako sikuisoma. Niliona "springi zimekatwa" nikaikunja nikaitupia kwenye droo ya spana. Gari nikalivutia kwenye kona ya gereji nikalifunika turubai. Machame tulikwenda na basi. Mama alikaa dirishani. Korogwe akasema, "Baba yako hana ubaya." Nikamwambia sijasema ana ubaya. Basi.

Lililoniuma ni kwamba kazi hii ulinipa wewe. Wenzangu Jumamosi wanasukwa, mimi niko chini ya pikapu lako pale kota za polisi, nakupa spana namba kumi na mbili. Nilikuwa na miaka minane. Ulinishika kidole ukakipitisha kwenye mpira wa breki, ukaniambia, "Huu usiutazame. Ushike. Macho yanazoea." Nilipokuambia nataka kusomea ufundi magari, Mama alilia. Wewe ulirudi jioni na ovaroli, kubwa mno. Nikakuambia inanizidi. Ukasema, "Utaijaza."

Sasa mtu huyohuyo ndiye ananivua namba mbele ya Kariakoo nzima. Nilikasirika, Baba. Siwezi kusema sikukasirika.

Kilichokupata unakijua, au labda hukijui. Ulikuwa unafunga kamba za viatu asubuhi uende kazini, ukaegemea ukuta, ukateleza. Kiharusi. Mama alinipigia nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nilikuja hospitali hivyo hivyo. Ulikuwa unapumua lakini hukuwapo. Nilikushika mkono nikauchafua, nesi akaufuta kwa pamba. Siku ya pili ukaenda.

Baada ya mazishi, Mama alikuja gereji. Aliliangalia turubai akaniambia, "Manka, hilo gari liuze, au litengeneze. Lisikae hapo limenuna." Nikaamua kulichanachana niuze vipande. Nikapiga jeki, nikavua tairi la kulia mbele, nikaingiza mkono.

Nilishika kabla sijatazama.

Mpira wa breki ulikuwa umeliwa. Tairi pana, gari chini. Kila nilipokata kona, tairi lilikuwa linausugua. Zimebaki nyuzi. Niliupinda kidogo tu ukapasuka mkononi, mafuta ya breki yakanimwagikia kwenye kiganja.

Nilikaa chini, sakafuni. Nilifikiria ule mteremko wa kushuka Mto Wami, njiani kwenda Machame. Mama amekaa mbele, watoto nyuma wanagombania dirisha, mbele yetu lori, nakanyaga breki na mguu unazama mpaka chini. Nilifikiria hivyo bila kutetemeka. Kama vile nawafikiria watu wengine. Mafundi wenzangu walitoka kwenda kula, wakarudi, wakanikuta palepale.

Ndipo nikafungua droo nikaitoa karatasi yako. Springi zimekatwa. Tairi zimetoka nje ya bodi. Vioo. Ekzosi. Mstari wa mwisho uliukandamiza mno kalamu, karatasi imetoboka: "Mpira wa breki kulia mbele umeliwa na tairi. Hatari. Asisafiri nao."

Nimekuwa napokea karatasi za wakaguzi miaka yote hii, Baba. Hakuna anayeandika hivyo. Wanaandika kasoro, wanaandika rekebisha. "Asisafiri nao" hayakuwa maneno ya mkaguzi. Uliniandikia mimi. Mimi nikayafungia na spana miezi saba.

Sikulichana tena gari. Nilirudisha springi nzima, nikafunga mpira mpya wa breki, nikatoa rimu pana na ekzosi, nikabandua weusi wa vioo. Lakini wakati nafanya, kitu kingine kikaanza kunikaa kichwani. Gari langu lilikuwa moja. Nilikuwa nimekata springi za watu. Nikachukua kalamu nikaandika majina, wakafika kumi na mmoja.

Nikawapigia. Watatu namba hazipatikani. Mmoja akaniambia, "Fundi, pole na msiba, naona umekuchanganya." Mwingine akauliza kama nimeajiriwa na trafiki. Wengine walisema watakuja, wawili ndio wamekuja. Mzee Jayanti hakupokea simu, nikamfuata dukani kwake kwa miguu, pale anapouza vitambaa kwa jora. Gari lile alimnunulia binti yake anayesoma chuo, binti akalitaka chini kama la kwenye picha. Mzee Jayanti alikuwa anapimia mteja kitenge. Nilisubiri mpaka akamaliza.

Nikamwambia, "Mzee, lile gari la binti lisitembee. Nililitengeneza vibaya."

Akaweka mkasi chini. "Wewe mwenyewe uliniambia iko salama. Mimi nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo. Nilikosea."

"Nani amekuambia umekosea?"

"Baba yangu."

Akanitazama. "Baba yako si amefariki? Mimi nilikuja kwenye msiba."

"Ndiyo, mzee."

Watu wote dukani walikuwa wanasikia. Sikumnong'oneza, Baba. Sikumwomba twende pembeni. Alichukua simu akampigia binti yake, kwa lugha yao, kwa ukali, halafu akanipa anuani ya chuo nikalifuate mwenyewe. Nilipolivua tairi nilikuta mpira una alama ileile. Haujafika kwenye nyuzi, lakini ulikuwa njiani. Yule binti alisimama pembeni na mkoba wake ananiuliza, "Dada, kwani ilikuwa bado muda gani?" Nikamwambia sijui. Kweli sijui.

Kariakoo wanasema Manka ameisha. Kwamba sasa anawarudishia watu magari juu kama ya kubebea mkaa. Wale wateja wawili wa siku ile wamehamia kwa fundi wa Ilala. Siwalaumu. Nimebaki na breki, shokapu, injini zinazovuja, kazi zisizopigwa picha. Fundi wa rangi jirani yangu ananiambia nitafute kazi nyingine. Naitikia tu.

Nilipolipeleka gari kukaguliwa mara ya kwanza, Koplo Rehema aliniambia, "Pole, dada. Mzee ndiye aliyenifundisha kazi." Macho yake yalikuwa mekundu, mimi yangu makavu. Nikajisemea leo nitapita kwa jina lako. Akawasha taa, akasimama mbele ya gari, akainama. "Taa ya kushoto inatazama juu. Itampofusha anayekuja. Nenda karekebishe."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Lakini mzee angekurudisha."

"Najua," nikamwambia. Nikarudi nikairekebisha. Ndiyo maana imekuwa jana.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nalizunguka tangu nilipoanza kuandika.

Ulikuja gereji. Ilikuwa Jumamosi, miezi miwili hivi kabla hujaanguka. Nilikuwa chini ya gari la mtu, nabadilisha bushi. Nikasikia sauti yako mlangoni. "Hodi. Mama'ngu yupo?"

Fundi wa rangi akakujibu, "Yupo, mzee. Chini ya gari hapo."

Nikaona viatu vyako vinakuja. Vile vyeusi, vimepigwa rangi, hata siku ya mapumziko. Vikasimama karibu na kichwa changu, ningenyoosha mkono ningevigusa. Bushi nilikuwa nimeshaikaza. Nikachukua spana nikaanza kugonga chuma, ngo, ngo, ngo, ili uone nina kazi. Nikaendelea kugonga. Wewe uliyelala chini ya magari ya watu usiowajua maisha yako yote, siku hiyo hukuinama. Ungeinama ungeniona. Nadhani ndiyo sababu hukuinama. Uliniachia nitoke mwenyewe.

Sikutoka.

Viatu vikageuka, vikaenda. Nikagonga mara chache tena, hata ulipokwisha kutoka.

Sijamwambia mtu hili. Mama hajui kama ulikuja. Sijui ulikuja kusema nini. Pengine ungeniuliza kama nimeutazama ule mpira. Pengine ungekaa tu kwenye ndoo ya mafuta unywe chai. Usiku silali vibaya, nakula, nafanya kazi, watoto wananiuliza kitu nawajibu. Lakini nikilala chini ya gari, siku yoyote, gari lolote, natazama ule upande wa mlango.

Samahani, Baba. Hili ndilo nililokuwa nalizunguka.

Jumamosi tunakuja Machame, kuweka msalaba kaburini kwako. Mama amekwisha kushona kitambaa chake cha kuvaa kanisani, watoto wameambiwa hakuna kugombania dirisha. Naendesha mimi. Asubuhi ya kuondoka nitaingia chini kabla ya yeyote kupanda, nishike kila mpira kwa mkono, na hivyo ndivyo nitakavyofanya kwa kila gari litakalotoka kwangu, mwenyewe apende asipende. Hilo nakuahidi kama fundi.

Kama mwanao nakuahidi hili: mtu wa kwangu akisimama mlangoni akabisha hodi, nitatoka. Hata kama nimemkasirikia. Nitatoka kwanza, hasira nitaishughulikia tukiwa tumekaa.

Pumzika, Baba. Kazi yako umeifanya.

Mama'ngu wako,
Manka