Maneno ya Mjomba Kinywani Mwangu

Masasi, Jumamosi, baada ya kufua

Kwa Dada Agnesi, Mama Stefano, Mnyambe.

Shikamoo, dada. Nimeiweka shikamoo hapa juu kabisa uipokee mapema, maana ukifika huko chini sijui kama utataka kuniitikia.

Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Stefano ameshaota jino, au bado anakutafuna kwa fizi tu? Na shemeji, ameleta habari yoyote kutoka mkongeni? Mimi ni mzima. Tunakula ugali na maharage yale yale yenye wadudu. Wadudu tunawatoa, wanaokataa kutoka tunawala. Maji yapo, kisima kiko nyuma ya bweni. Unatoka na ndoo, unarudi na ndoo, na kichwa hakijapata hata joto. Naona haya kukuandikia jambo hilo wewe, lakini ndivyo ilivyo.

Mjomba Barnaba alikuwa hapa juzi Alhamisi. Kutoka hapa atakuja kwako. Nataka unisikie mimi kabla hujamsikia yeye.

Itanibidi nianze na shairi. Usicheke. Bila shairi hutaelewa nilichofanya.

Bibi Mkuu wetu ni mgeni, Mwingereza, amefika majuzi tu. Kiswahili chake ni cha kusalimia na cha kuagiza chai. Basi yeye hutufundisha mashairi ya kwao, na mwezi huu ametuletea moja ambalo mtu mmoja anasema peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Ni mzee tajiri. Yuko kwa seremala, anaagiza jeneza la ndugu yake. Seremala hatamki neno; unajua yupo kwa sababu mzee anamsemesha. Mzee anamlilia ndugu yake, anamsifu, anasema walipendana tangu utotoni, na huku anamwambia fundi ubao huo mnene mno, uchonge, uchonge tena. Kisha anasema marehemu alikuwa mwepesi, siku za mwisho hata chakula alikuwa hataki. Kisha anataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwake yeye, mzee.

Bibi akauliza, "Huyu ni mtu wa namna gani?"

Wasichana wakasema ni mtu mwema, ana majonzi. Mimi nikamnong'oneza Tekla, ninayekaa naye dawati moja, "Amemuua kwa njaa." Tekla naye ana mdomo kama tarumbeta. "Bibi! Monika anasema amemuua!"

Nikasimamishwa. Unanijua, dada. Huku nyuma wanasema, "Lo, Bubu ana ulimi!" na mwingine, "Mwacheni, ataanguka." Bubu ndilo jina langu hapa. Nikamwambia Bibi, nikiangalia sakafu, kwamba mtu mwenye huruma hakai akimwambia seremala jinsi alivyo na huruma, na kwamba hakuna aliyemuuliza habari za ufunguo, ameutoa mwenyewe. Bibi akanitazama sana. Akasema hiyo ndiyo kazi ya mashairi ya aina hii: mshairi hamsemi mtu wake vibaya hata kidogo, anamwachia nafasi tu, na mtu anajivua nguo huku akidhani anavaa.

Tangu hapo akawa anatufanyisha zoezi. Tugeuze maneno ya yule mzee kuwa ya Kiswahili, tuyaseme mbele ya darasa. Ukisema "mzee anasema kwamba" anakugongea meza. Sema "mimi", anasema. Ingia mdomoni mwake. Usimtetee, usimpake matope, usimpambe. Na dada, mimi nisiyeweza kuomba chumvi mezani, kwa zoezi hilo nikawa wa kwanza. Kwa "mimi" ya mtu mwingine sioni haya hata chembe.

Sasa Alhamisi. Mjomba alikuja na lori la Newala, na koti lake la kanisani juu ya vumbi lote lile. Alitaka kunitoa shule. Mkaza mjomba hawezi tena kwenda bondeni, kiuno kimekataa, na nyumba haina maji. Akasema jambo zito kama hilo hawezi kulisema kwa Kiswahili, atalisema kwa Kimakonde. Mwalimu anayejua Kimakonde alikuwa zahanati. Waliobaki ni Wayao na Wamakua. Basi Bibi akaniita mimi nitafsiri kesi yangu mwenyewe.

Tukaingia ofisini. Mjomba kwenye kiti, Bibi nyuma ya meza, Malkia ukutani, mimi katikati nimesimama.

Wewe unajua kwetu mtu mzima akisema neno zito. Yupo wa kumwitikia. Anasema kipande, anaitikiwa "eee," anaendelea. Asipoitikiwa anajua neno halijaingia, anaongeza jingine. Sasa Bibi, kama Waingereza wote niliowaona, akisikiliza jambo zito hufunga mdomo na kutulia kama picha. Ndiyo adabu yao. Nilijua ya huyu na ya yule. Mle ndani nilikuwa wa pekee niliyejua zote mbili.

Mjomba akaanza. "Mimi ni mtu wa kanisa. Nimewalea watoto wa dada yangu walipofiwa na mama yao."

Nikasema kwa Kiingereza: Mimi ni mtu wa kanisa. Nimewalea watoto wa dada yangu walipofiwa na mama yao. Bibi kimya.

Mjomba akanigeukia. "Mbona haitikii? Umemwambia sawasawa?"

"Nimemwambia, Mjomba."

Hapo ningeweza kumwambia kwamba Wazungu husikiliza kimya, akaishia hapo, akaonekana mjomba mwema mwenye shida. Ningeweza hata kumwambia Bibi aseme "eee" mara moja tu. Nikainamisha kichwa. Walidhani ni haya zangu. Na zilikuwepo, kidogo.

Akaongeza. "Mke wangu nampenda. Maji yetu yako mbali, bondeni, na mtungi ni mdogo. Nilimhurumia, nikamnunulia debe, ili abebe mengi kwa safari moja."

Nikatafsiri. Kimya.

"Mimi si mtu wa kumbana mwanamke. Hata alipokuwa na mimba kubwa sikumkataza kwenda. Alijiendea mwenyewe."

Nikatafsiri. Kimya. Mjomba akaanza kutoka jasho, akasogeza kiti mbele, kama mtu anayesukuma mlango uliokwama.

"Akateleza kwenye mteremko. Mtoto akatoka pale pale njiani. Lakini Mungu ni mwema, debe halikupata hata tundu."

Dada, hilo nililisema polepole. Nilisema: Mungu ni mwema, debe halikupata hata tundu. Shingo ya Bibi ikawa nyekundu hadi kwenye masikio. Na mimi nikaona utamu, nakuambia kweli, utamu kama wa kukuna upele. Sikuongeza neno. Sikupunguza. Yule mtu alikuwa anajichuna mwenyewe mbele yangu na mimi nilikuwa nashika taa.

Halafu akasema la mwisho. Alilisema chini, akiangalia kofia yake. "Kama huyu mnamzuia, basi nitamchukua dada yake wa Mnyambe. Ananyonyesha, lakini mumewe yuko mkongeni, nani atanizuia? Mtoto atafungwa mgongoni, debe litakaa kichwani."

Bibi akaniuliza, "Amesema nini sasa?"

Nikamjibu, "Anasema amemaliza."

Ndilo neno langu peke yangu katika mazungumzo yote yale, na ndilo la uongo.

Sikusahau, usinitetee. Sikuogopa pia. Nilimjua Bibi. Angelisikia lile, angenigeukia aniulize kwa sauti yake ile laini, "Monika, unataka dada yako abebe mzigo huu badala yako?" Na mimi ningelazimika kujibu kwa "mimi" yangu mwenyewe, nimesimama pale. Jibu nilikuwa nalo. Sikutaka mtu alisikie.

Bibi akasema nitabaki shule mpaka nimalize, na nimwambie mjomba wangu kwamba mwanamume mwenye mikono miwili anaweza kubeba debe. Hilo nililitafsiri lote, kwa sauti, na Kimakonde changu hakijawahi kunyooka vile.

Mjomba akacheka. "Muulize huyu bibi kama ana mume." Sikumuuliza. Akainuka, akanifuata hadi barazani.

"Umeniuza, Monika."

"Nimesema maneno yako, Mjomba. Hakuna hata moja nililokuongezea."

"Kumbe!" Akavaa kofia. "Haya, kaa na Kiingereza chako. Dada yako hana Kiingereza. Kwake nitasema, na nitaitikiwa."

Akaenda kutafuta lori la kumrudisha. Nasikia limeharibika, linangoja chuma kutoka Lindi, ndiyo maana barua hii huenda ikamtangulia. Nitampa mke wa katekista anayekuja huko kwa ndugu zake.

Huwezi kwenda kwa shemeji, najua, nauli huna. Nimelifikiria hilo kabla yako. Nimefikiria na bonde, nimefikiria na Stefano mgongoni jua likiwaka, na wewe na kifua chako. Nimeyaona yote, dada, sawasawa kama ninavyoiona karatasi hii. Hayajanitoa hapa nilipokaa.

Nisalimie bibi mzee wa jirani anayekushikia mtoto, na mwalimu wa katekisimu aliyenifundisha herufi za kwanza. Mkaza mjomba, ukifika kwake, mpe pole ya kiuno, lakini usimwambie kwamba mambo yake yalisemwa ofisini kwa Kiingereza. Stefano mbusu.

Ninapoandika, mlango wa Bibi Mkuu uko wazi, namwona anasahihisha madaftari. Ni kuvuka uwanja tu. Naweza kwenda sasa hivi nikamwambia lile neno nililolimeza, naye angepata la kufanya, Waingereza hawakosi la kufanya. Nimekaa. Sikuombi unisamehe, maana ukinisamehe nitaona aibu, na nikiona aibu nitarudi nyumbani, na kurudi sitaki.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Monika