Kihori cha Mringaringa

Bariadi,
12 Juni 2024

Mdogo wangu Harieth,

Leo imetimia miaka arobaini na mitatu tangu nipande meli Bukoba kuja kufundisha huku. Natumaini goti limepoa, na migomba imepona ule mnyauko ulioniandikia. Mimi sijambo, isipokuwa macho. Tangu mke wangu Shida afariki, anayeniamkia asubuhi ni redio.

Umeniuliza tena narudi lini, maana chumba umeshakipaka chokaa. Nitakujibu, ila kwanza habari za mti.

Nimeukata ule mringaringa wa nyuma ya jiko, nilioulea kwa maji ya kuogea. Gogo nilimpa Mayige wa Nkololo, mchonga ngoma. Alilipaka mavi ya ng'ombe kwenye ncha lisipasuke, akaliacha kivulini miezi mitano. Nilipomchorea nanga ya kwetu, aliniuliza ni ng'ombe gani huyo wa kunyweshwa kwenye kihori cha mringaringa. Nikamweleza kuwa ni chombo cha nyuzi, mtu hukipakata akaimbia mashujaa. Akacheka, akasema Wahaya tuna mambo. Alichonga siku tisa. Alipomaliza aliigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema basi, kihori hiki ng'ombe huyo hatakipata.

Harieth, nanga ya Baba haikupotea. Niliichukua mimi alfajiri ya safari, nikaiviringisha ndani ya godoro. Sikujua hata kuipiga. Niliogopa kukaa ugenini bila kitu chenye harufu ya nyumbani. Niliificha chini ya kitanda katika nyumba ya shule, na kabla ya vuli kwisha mchwa walikuwa wameila. Wiki hiyo ndipo nilipoupanda mringaringa ule. Kisha ikaja barua ya Mama, kwamba Baba anakulaumu wewe uliyekuwa ukiifuta vumbi, na hataki tena uguse kitu chake. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilijibu barua ile kurasa mbili, nikaandika habari za mvua na pamba. Baba alikufa akiamini ni wewe.

Nanga mpya inakuja kwa basi la Ijumaa, imefungwa kwenye kitenge cha Shida. Uzi wa kano za ng'ombe umo ndani, sijaufunga. Sikumbuki kama ulipita mara saba au nane. Wewe utajua. Kabla haijapigwa, waite watu wa ukoo uwasomee barua hii yote.

Nisalimie majirani, na wajukuu uwape pole ya baridi. Chumba mpe binti yako Felisita. Mimi nina kaburi la Shida hapa, na kisiki cha kukalia. Sitarudi.

Kaka yako,
Ansbert