Mahindi kwenye Malka

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimefika Garsen. Miaka kumi na minne! Nimeshuka steji nikapotea, mimi mzaliwa wa Kulesa hapo jirani. Lami, maghorofa, taa za barabarani. Pale tulipokuwa tukinunua mahamri pana benki. Nikamwuliza mtu wa boda njia ya kwetu. Aibu gani hii!

Keshokutwa naonana na Kadra na Hodan. Tulilala chumba kimoja chuo cha ualimu. Kisha zikaja vurugu za 2012, wafugaji na wakulima, kina Kadra na sisi. Alinipigia simu mara mbili. Sikupokea. Niliogopa, basi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimelia hotelini mbele za watu! Kadra alinikumbatia kabla sijafungua mdomo. Eti nimenona, Voi ninakofundisha kuna wali mtamu. Hodan bado anachelewa, bado anasingizia boda. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwomba Kadra radhi kwa zile simu. Akasema hata yeye angeogopa.

Nikamwulizia baba yake, Mzee Tuneya, aliyekuwa akituletea maziwa chuoni kila muhula. Macho yamefifia, akasema. Na ng'ombe siku hizi wanazunguka nusu siku kwenda kunywa maji. Ile malka ya Kulesa imezibwa, mtu kalima njia yote ya ng'ombe hadi mtoni. Hajui ni nani.

Mimi namjua. Baada ya mafuriko kaka Abdulmalik alinipigia, tulime hadi wapi? Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikamjibu, lima tu hadi mtoni. Shamba ni langu, la urithi. Malka hata haikunijia akilini.

Nikalificha hilo. Nikawaalika chakula Jumapili!

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwambia kaka tufungue njia. Amewaka! Mahindi yamebeba, bado wiki tatu tu, na mimi ni mgeni wa likizo, mwenye kupiga jembe ni yeye. Ana haki. Kadra naye ana haki. Nimemwandikia ujumbe mara nne, nimefuta mara nne. Nampenda. Siwezi kumpoteza mara ya pili.

Jumapili, 17 Agosti

Wamefika — na Mzee! Akanishika kichwa, akaniita binti yake. Akataka kwanza kunawa mtoni, njia anaijua. Akatangulia na fimbo, hakusita, mpaka majani ya mahindi yakampiga usoni.

"Hii nini? Hapa malka. Nani nalima?"

"Ni mimi, baba," nikasema. "Niliruhusu mimi."

Mzee akapapasa hindi moja, akalibonyeza. "Imebeba. Chakula hapana kata." Akageuka azunguke shamba, kaka akisikia yote kando yetu. Kadra akamshika mkono, hakunitazama.

Nimeingia jikoni kugeuza wali, naandika nimesimama, machozi hayaishi. Nje nasikia panga. Nachungulia — Abdulmalik! Anakata mahindi yake mwenyewe, mstari wa kwanza, wa pili. Hodan anayakusanya. Kule mbele Kadra amesimama na baba yake. Ameangalia nyuma. Bado hajarudi.